Rangi Inayoonekana: Sayansi ya Kuchagua Rangi ya Chombo Kidogo cha Baharini

Kutoka Daudi, katika nyanda za juu za wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, hadi ufuko wa Bahari ya Hindi ulio karibu zaidi ni kilomita 400 hivi kwa mstari ulionyooka. Wanafunzi wengi wa huko huijua bahari kwa njia ya vitabu na ramani. Hata hivyo, swali linalochunguzwa katika makala haya, yaani chombo kidogo cha baharini kiwe na rangi gani ili kionekane kutoka mbali, ni swali ambalo mwanafunzi wa Daudi anaweza kulitafutia jibu kwa majaribio kama mwenzake wa Tanga, Mafia au Pemba. Kanuni za nuru na za jicho la mwanadamu hazibadiliki kwa kupanda mlima wala kwa kushuka pwani.

Swali hilo si la urembo. Mvuvi aliye katika mtumbwi au ngalawa, na msafiri aliye katika kayaki, huwa wamekaa karibu mno na uso wa maji. Chombo kikubwa kikipita, nahodha wake asipowaona mapema anaweza kuwagonga. Chombo chao kikipinduka au kikichukuliwa na mkondo, uhai wao hutegemea jambo moja: mtu anayewatafuta awaone kabla ya giza kuingia na kabla nguvu hazijawaishia. Rangi ya chombo ni miongoni mwa mambo machache wanayoweza kuyaamua mapema, wangali nchi kavu.

Kayaki ni mtumbwi mwembamba, aghalabu uliofunikwa juu, wa mtu mmoja au wawili, uendeshwao kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Asili yake ni kwa Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu zilizo kaskazini kabisa mwa dunia, ambao waliiunda kwa fremu iliyovikwa ngozi za sili. Siku hizi kayaki za plastiki huonekana Unguja, Mafia na kwingineko pwani, hasa katika shughuli za utalii. Yafaa ikumbukwe kwamba chombo hicho kilianza kama chombo cha mwindaji, na mwindaji hapendi kuonekana. Katika nchi ya Greenland wawindaji walikuwa wakisimamisha kiambaza kidogo cha kitambaa cheupe mbele ya kayaki, ili sili adhani kwamba kinachomkaribia ni kipande cha barafu. Manowari nazo hupakwa rangi ya kijivu ili zifanane na bahari na mbingu. Mvuvi na msafiri wa kawaida wana haja iliyo kinyume kabisa na hiyo, na kwa sababu hiyo hawana budi kuchagua kwa kanuni zile zile, ila wazigeuze.

Kitu kidogo katika bahari pana

Kwanza ni vyema kupima jinsi chombo kidogo kinavyoonekana machoni. Dunia ni mviringo, kwa hiyo kuna mpaka ambao jicho haliwezi kuona uso wa bahari kupita hapo. Umbali wa mpaka huo, kwa kilomita, hupatikana kwa kuzidisha 3.57 kwa kipeuo cha pili cha kimo cha jicho kwa mita. Mtu aliyeketi katika kayaki, jicho lake likiwa mita 1 juu ya maji, huona uso wa bahari hadi kilomita 3.6 hivi. Nahodha aliyesimama mahali penye kimo cha mita 9 huona hadi kilomita 10.7.

Lakini kuuona uso wa bahari si kukiona kila kilicho juu yake. Jicho lenye afya, katika nuru nzuri, huweza kutofautisha sehemu za kitu zilizoachana kwa pembe ya dakika moja hivi, yaani sehemu ya 60 ya digrii moja. Kitu chenye kimo cha sentimita 30 hufanya pembe ya dakika moja kikiwa umbali wa mita 1,030 hivi. Ubavu wa kayaki hautokezi juu ya maji zaidi ya kadiri hiyo. Maana yake ni kwamba kwa mtazamaji aliye kilomita moja tu, ubavu huo umekwisha kuwa kijistari chembamba kilicho karibu na mwisho wa uwezo wa jicho. Pakiwa na mawimbi ya nusu mita, kijistari hicho nacho huonekana kwa nukta chache na kutoweka kwa nyingine.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitambui. Kadiri kitu kinavyozidi kuwa kidogo machoni, ndivyo rangi yake inavyopauka. Katika sehemu ya nyuma ya jicho mna chembe hai za namna mbili zinazopokea nuru. Zile ziitwazo koni hufanya kazi mchana na ndizo zitambuazo rangi. Zile ziitwazo fimbo hufanya kazi katika nuru hafifu, na hazitambui rangi. Koni nazo ni za aina tatu, kufuatana na nuru inayoziamsha zaidi. Aina inayoamshwa na nuru ya buluu ni chache, na katika kitovu kabisa cha mahali pa kuonea hazipo. Kwa hiyo doa dogo la buluu likiwa mbali huonekana kama jeusi, na doa dogo la manjano huelekea kuwa jeupe. Rangi ya chungwa na nyekundu iliyo karibu nayo hudumu kutambulikana kwa umbali zaidi. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuipendelea rangi ya chungwa.

Jicho hutafuta tofauti

Watu wengi hudhani kwamba kuna rangi ambayo kwa asili yake huonekana kuliko zote. Sivyo. Jicho huona tofauti iliyopo kati ya kitu na mandhari yaliyo nyuma yake, ama tofauti ya weupe na weusi, ama tofauti ya rangi, na bora zaidi zote mbili kwa pamoja.

Mifano ya jambo hili imejaa Mbulu na Hanang. Mfugaji aliyejitanda shuka nyekundu huonekana kutoka mbali sana akiwa katika malisho ya kijani wakati wa masika. Mfugaji huyo huyo akisimama kwenye udongo mwekundu uliolimwa, mtazamaji wa mbali hana budi kukaza macho. Katika mashamba ya ngano ya Basotu, kitambaa cha manjano kinachong'ara juu ya ngano changa hupotea miezi michache baadaye ngano ikiiva. Kitambaa hakikubadilika, kilichobadilika ni mandhari.

Basi, kabla ya kuuliza ni rangi gani iliyo nzuri, yapasa kuuliza bahari yenyewe ina rangi gani. Maji mengi safi hufyonza nuru nyekundu upesi kuliko nuru ya buluu, ndiyo sababu bahari yenye kina, kama ile iliyo kati ya Pemba na bara, huwa ya buluu iliyokolea. Karibu na pwani, ambako mimea midogo ya majini ni mingi, maji huelekea kijani. Mbele ya milango ya mto Rufiji maji hubeba matope na kuwa ya kahawia. Ziwa Victoria huwa na maji ya kijani kwa sababu ya mwani mdogo ulioenea ndani yake. Aidha bahari hurudisha sura ya mbingu, kwa hiyo siku ya mawingu huwa ya kijivu.

Msomaji akiiangalia orodha hiyo ya buluu, kijani, kahawia na kijivu, ataona mara moja ni rangi zipi zisizofaa. Kayaki ya buluu, ingawa hupendeza sana ikiwa imeegeshwa juu ya mchanga, hupotea ikiingia majini. Ya kijani hali kadhalika. Vyombo vya jadi vya pwani navyo vina shida yake. Desturi ya kuzipaka mbao sifa, yaani mafuta ya samaki, ni desturi ya busara kwa kuwa huzihifadhi mbao zisioze. Lakini huzifanya ziwe za kahawia iliyokolea, na ubavu wa namna hiyo hauachani sana na kivuli cha wimbi.

Je, nyeupe haifai?

Wako wanaosema kwamba rangi nyeupe ndiyo suluhisho, kwa kuwa bahari ni nyeusi kuliko chombo cheupe. Maneno hayo ni ya kweli siku ya shwari. Tanga jeupe lililopigwa na jua huonekana mbali sana juu ya maji ya buluu yaliyotulia. Shida huanza upepo unapovuma. Upepo ukifikia kasi ya kilomita 20 kwa saa, vilele vya mawimbi huanza kuvunjika na kutoa mapovu meupe kwa wingi. Mtafutaji hukabiliwa na maelfu ya madoa meupe yanayozuka na kutoweka, na doa jeupe moja lililo chombo halina alama ya kulitenga na mengine.

Ni bahati mbaya kwamba siku za hatari ndizo siku za mapovu. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa ya msimu wa kusi. Katika bahari ya namna hiyo kichwa cha mtu anayeelea ni kitu kidogo cheusi kati ya vivuli vya mawimbi, na vazi jeupe ni povu moja zaidi. Kinachoweza kumtenga mtu huyo na bahari ni rangi ambayo wimbi, povu, na kivuli havina.

Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana juu ya rangi hiyo. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao toleo lake la kwanza lilitungwa mwaka 1914 baada ya kuzama kwa meli ya Titanic mwaka 1912, na ambao toleo lake linalofuatwa ni la mwaka 1974, una kanuni maalumu za vifaa vya kuokolea. Kanuni hizo, zilizoanza kutumika katika sura yake ya sasa mwaka 1998, zinataka vifaa hivyo viwe vya rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, au rangi nyingine inayoonekana kwa kadiri hiyo hiyo, katika sehemu zote ambako rangi itasaidia kugunduliwa baharini. Katika mpangilio wa rangi chungwa iko upande unaoelekeana na buluu, na ndiyo maana hizo mbili zikikutana kila moja huikoza nyenzake.

Hewa nayo hupaka rangi

Mlima Hanang, wenye kimo kipatacho mita 3,420, una misitu ya kijani kwenye miteremko yake. Lakini mtu akiutazama kutoka mbali asubuhi yenye anga safi, huuona wa buluu. Sababu ni kwamba hewa iliyo kati ya mlima na mtazamaji hutawanya nuru ya jua, na nuru ya mawimbi mafupi hutawanywa zaidi. Nuru ya buluu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hutawanywa na chembe za hewa mara tatu hivi zaidi ya nuru ya chungwa ya nanomita 600. Hivyo kila kitu kilicho mbali hufunikwa na pazia jembamba la buluu. Baharini pazia hilo huizamisha kabisa rangi ya buluu ya chombo, lakini rangi ya chungwa hulipenya vizuri zaidi.

Ukungu ni habari nyingine. Matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganishwa na urefu wa mawimbi ya nuru, na kwa hiyo huzitawanya rangi zote karibu sawasawa. Wanafunzi wa nyanda za juu waliowahi kutembea barabarani asubuhi ya ukungu wanajua kwamba rangi zote hufifia pamoja. Ile imani kwamba rangi ya manjano hupenya ukungu haina msingi. Katika ukungu kinachofaa ni taa, na sauti ya filimbi au baragumu.

Hali nyingine inayoishinda rangi ni kumeta kwa jua. Jua likiwa chini mbele ya mtazamaji, maji hung'aa kama bati jipya, na kila kitu kilicho kwenye njia hiyo ya nuru huonekana cheusi, kiwe kimepakwa rangi gani. Mtafutaji mwenye busara hulipa jua kisogo anapotafuta, na msafiri mwenye busara hukumbuka kwamba chombo kinachomjia kikitoka upande wa pili wa jua huenda hakimwoni kamwe.

Jua likichwa

Mwanzoni mwa karne ya 19 mwanasayansi wa Bohemia aitwaye Jan Purkinje aligundua jambo la ajabu kuhusu maua. Maua mekundu yaliyokuwa yaking'ara mchana yalionekana meusi kabla ya mapambazuko, ilhali rangi za buluu na kijani zilionekana mapema zaidi. Sababu ilikuja kufahamika baadaye. Mchana jicho lina wepesi mkubwa kabisa kwa nuru ya kimanjano-kijani, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi. Giza linapoingia koni hulala na fimbo hushika kazi. Wepesi mkubwa kabisa huhamia nanomita 507 hivi, kwenye kijani inayoelekea buluu, na nuru nyekundu huwa kama haipo.

Jambo hili ni muhimu kwa mvuvi anayerudi magharibi au anayetoka alfajiri. Nyekundu tupu, ambayo wengi huihesabu kuwa rangi ya hatari, ndiyo ya kwanza kugeuka nyeusi. Chungwa huifuata. Kimanjano-kijani, mfano wa ndimu changa, hudumu kung'ara kwa muda zaidi. Huko Marekani mtaalamu wa macho, Stephen Solomon, alilinganisha ajali za magari ya zimamoto katika mji wa Dallas, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba magari ya kimanjano-kijani yalipatwa na ajali chache kuliko mekundu.

Kuna sababu nyingine ya kutoitegemea rangi moja. Wapo watu wasioweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Mkemia wa Uingereza John Dalton, ambaye mwenyewe alikuwa na hali hiyo, aliieleza mwaka 1794. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya hali hiyo huwapata wanaume 8 hivi katika kila 100, na katika Afrika huwa ni wachache zaidi. Mtafutaji mwenye hali hiyo hataiona kayaki nyekundu iliyokolea katika maji ya kijani, ila kama rangi yake ina ung'avu ulio tofauti na wa maji.

Rangi zinazong'aa kwa nuru ya ziada

Vifaa vingi vya usalama vya siku hizi vina rangi za namna ya pekee, ziitwazo fluoresenti, zile zinazoonekana kama zina moto ndani yake. Katika miaka ya 1930 ndugu wawili wa Marekani, Robert na Joseph Switzer, waliziendeleza rangi hizo hata zikawa bidhaa ya kawaida. Siri yake ni hii. Rangi ya kawaida ya chungwa hurudisha sehemu ya chungwa ya nuru ya jua na kuimeza iliyobaki. Rangi ya fluoresenti huirudisha sehemu hiyo, kisha huchukua pia nuru ya buluu na miali ya jua isiyoonekana kwa macho, na kuitoa tena ikiwa ya chungwa. Kwa hiyo nuru ya chungwa inayotoka hapo ni nyingi kuliko ile ya chungwa iliyofika. Hakuna wimbi, povu wala mwani unaofanya hivyo.

Rangi hizo zina mipaka miwili ambayo mnunuzi hana budi kuijua. Mpaka wa kwanza ni kwamba zinategemea jua. Usiku, mbele ya taa ya kawaida, hazina ajabu yoyote. Mpaka wa pili ni kwamba jua lile lile linalozing'arisha huziharibu. Katika jua kali la tropiki hupauka upesi kuliko rangi za kawaida. Jaketi la kujiokolea lililokuwa chungwa na sasa limekuwa kama nyama ya papai bovu limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya faida yake ya kuonekana.

Usiku rangi hufa

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi, ilipokuwa ikielekea Pemba. Mamia ya watu walipoteza maisha. Walionusurika walielea gizani kwa saa nyingi, wengine wakiwa wameshikilia magodoro na vitu vingine vilivyoelea. Katika giza la namna hiyo hakuna rangi hata moja inayofaa kitu. Kinachohitajika ni nuru.

Chanzo kizuri cha nuru ni taa au tochi isiyoingiza maji. Kikikosekana, au betri zikiisha, upo utepe unaorudisha nuru. Mwanafunzi yeyote wa kijijini aliyewahi kummulika fisi au ng'ombe kwa tochi usiku ameona macho ya mnyama huyo yakiwaka. Nyuma ya macho hayo kuna tabaka linalorejesha nuru kule kule ilikotoka. Utepe wa usalama huiga kazi hiyo kwa kutumia vishanga vidogo sana vya kioo, au vipande vyenye pembe zilizopangwa maalumu. Mtafutaji akimulika bahari kwa kurunzi, utepe wa upana wa vidole vitatu uliobandikwa kwenye kafi humjibu kwa nuru kali. Lakini ikumbukwe kwamba nuru hiyo humrudia yule mwenye taa. Aliye kando haoni kitu.

Mahali pa kuweka rangi

Hata rangi bora haisaidii ikiwekwa mahali pasipoonekana. Kwa mtazamaji aliye katika chombo kingine, sehemu ya kayaki inayoonekana kwanza ni ile iliyo juu kabisa, yaani kofia ya mwenye chombo, kifua chake, na mabapa ya kafi yanayopanda na kushuka. Mwendo huo wa kafi una thamani ya pekee, kwani jicho huvutwa na kitu kinachosogea hata pembeni mwa uwezo wake. Mabapa ya chungwa au ya kimanjano-kijani hugharimu rangi kidogo na huonekana kabla ya chombo chenyewe. Kwa ngalawa, sehemu ya namna hiyo ni ncha ya mlingoti na pembe ya juu ya tanga.

Kwa mtazamaji aliye katika ndege mambo hugeuka. Yeye huona sehemu ya juu ya chombo ikiwa imelazwa juu ya maji, na hapo upana wa rangi ndio wenye maana. Doa moja kubwa la rangi ni bora kuliko madoa mengi madogo, kwa maana madoadoa yakiwa mbali huchanganyika na kuwa kijivu, na hivyo ndivyo wanyama wengi wenye madoa wanavyojificha.

Tena kuna tumbo la chombo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na sehemu yake iliyobaki juu ya maji ilikuwa ni tumbo lake. Ndivyo ilivyo kwa kila chombo kinachopinduka na kuendelea kuelea. Ubavu wa juu uliopakwa chungwa kwa uangalifu huzama, na kinachoonekana ni upande ambao hakuna aliyeufikiria. Kayaki yenye tumbo jeusi, na ngalawa yenye tumbo la kahawia, zikipinduka huwa kama gogo.

Wavuvi wengine huhofia kwamba rangi kali chini ya chombo itawafukuza samaki. Samaki aliye chini ya mtumbwi huutazama dhidi ya mbingu yenye nuru, na kwa sababu hiyo huuona kama kivuli cheusi, uwe umepakwa rangi yoyote. Zaidi ya hayo, nuru nyekundu na ya chungwa humezwa na maji katika mita chache za mwanzo. Kelele za makasia humshtua samaki kuliko rangi.

Kwa muhtasari, mtu anayechagua kayaki au anayepaka mtumbwi wake atafanya vyema akichukua chungwa iliyokolea kuwa rangi kuu, juu na chini. Aongeze utepe mpana wa kimanjano-kijani kwa ajili ya machweo. Abandike utepe wa kurudisha nuru kwenye kafi, omo na tezi. Avae jaketi la kujiokolea la rangi hizo hizo. Na awe na tochi na filimbi. Asiye na uwezo wa kununua rangi mpya anaweza kuanza na kipande cha kitambaa cha chungwa chenye urefu wa mita mbili hivi, akakikunja na kukiweka mahali pa kufikika upesi, ili akitandaze au akipunge siku ya shida.

Jaribio la kufanyiwa Daudi

Jaribio hili laweza kufanywa na kidato chochote. Wanafunzi na wachukue vipande saba vya mbao au vya kadi ngumu, kila kimoja mraba wa sentimita 5, na kuvipaka nyeupe, nyeusi, nyekundu, chungwa, manjano, kijani na buluu. Mraba wa kadiri hiyo hufanya pembe ya dakika moja ukiwa umbali wa mita 172 hivi, kwa hiyo uwanja wa mpira pamoja na mteremko ulio jirani watosha. Vipande vipachikwe kwenye vijiti mbele ya nyasi, kimoja kimoja, bila watazamaji kujua mpangilio. Mtazamaji aanzie mbali na kusogea polepole. Umbali wa namna mbili uandikwe: ule ambapo ametambua kwamba kuna kitu, na ule ambapo ametaja rangi yake bila kukosea.

Jaribio lirudiwe saa sita mchana, jua linapozama, na asubuhi ya ukungu. Kisha lirudiwe mbele ya udongo uliolimwa badala ya nyasi. Ziwa Tlawi, lililo katika wilaya hiyo hiyo, litafaa kwa jaribio la mandhari ya maji. Vipande vipachikwe ukingoni na watazamaji wasimame ng'ambo, wala pasiwe na haja ya mwanafunzi yeyote kuingia majini. Matokeo yachorwe katika grafu. Shule zilizo mabondeni, maziwani na pwani zikifanya vivyo hivyo, wanafunzi wataweza kulinganisha majani, udongo, maji ya ziwa na maji ya bahari kwa kipimo kimoja.

Faida ya kazi hiyo haitaishia baharini. Mwanafunzi anayetembea kando ya barabara kabla ya kupambazuka, na mwendesha pikipiki anayeshuka mteremko katika ukungu, wako katika hali ile ile ya mtu wa kayaki: ni vitu vidogo katika mandhari makubwa, na usalama wao uko katika macho ya mtu mwingine.

Maswali ya kujadili

1. Jicho la nahodha liko mita 16 juu ya maji. Kokotoa umbali wa upeo wake wa macho. Je, kwa nini huenda asiione kayaki iliyo kilomita 3 tu kutoka kwake?

2. Eleza kwa nini jaketi jekundu huonekana vizuri saa sita mchana lakini huwa jeusi magharibi.

3. Mvuvi wa Ziwa Victoria amepaka mtumbwi wake kijani, na mvuvi wa Pemba amepaka wake nyeupe. Kila mmoja atapata shida katika hali gani ya maji na ya upepo?

4. Rangi ya fluoresenti hutoa nuru ya chungwa nyingi kuliko ile ya chungwa inayoipokea. Je, jambo hili linapingana na kanuni ya hifadhi ya nishati? Toa sababu.